Mjadala: Mtunzi akirudi safarini na muziki, aliyemwimbia huko aandikwe jina?

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwaya yetu ilipewa wimbo mpya. Mwalimu akaandika ubaoni kwa herufi za do-re-mi: m s s, m r d, r m s m r. Tukaupitia kwa nota kabla ya maneno. Pale mwanzoni hakuna fa wala ti, na mahadhi yake yanakwenda polepole kama mtu anayerudi nyumbani jioni bila haraka. Mwalimu akasema ni wimbo wa kale wa watumwa Weusi wa Marekani. Dada mmoja wa sauti ya pili akampinga: huo ni wa Antonín Dvořák, mtunzi Mcheki, umetoka kwenye simfoni yake ya 9, yaani utunzi mrefu wa okestra. Mazoezi yakageuka ubishi, na sauti ya nne hatukuimba tena siku ile. Nimeuleta ubishi wenyewe jamvini kwa sababu nyuma yake kuna swali linalonikera tangu hapo.

Dada alikuwa sahihi. Dvořák alifika New York Septemba 1892 kuongoza chuo cha muziki kilichoanzishwa na mama mmoja tajiri, Jeannette Thurber, kwa mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka. Simfoni ile, inayoitwa "Kutoka Ulimwengu Mpya", ilipigwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Desemba 1893. Mahadhi tuliyoimba yamo kwenye sehemu ya pili, na yanapigwa na chombo cha kupuliza cha jamii ya zumari, chenye sauti nzito kuliko ndugu yake, oboi. Hayakuwa na maneno. Maneno ya "kwenda nyumbani" yalitiwa mwaka 1922 na William Arms Fisher, aliyekuwa mwanafunzi wake, Dvořák akiwa amekwisha kufa miaka 18.

Lakini mwalimu naye hakukosea moja kwa moja, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Chuoni pale alikuwapo kijana Mweusi wa sauti ya baritoni (sauti ya kiume ya kati), Harry T. Burleigh, kutoka Erie, Pennsylvania. Babu yake, Hamilton Waters, alikuwa mtumwa aliyejinunua akawa huru. Macho yake yalikuwa yameharibika, na kazi yake ilikuwa kuwasha taa za barabarani. Harry alikuwa akifuatana naye mtaa kwa mtaa, taa kwa taa, na mzee akiimba nyimbo alizotoka nazo utumwani. Hebu fikirieni hiyo picha: mtoto anashika nyimbo za utumwa kichwani huku babu anawasha taa asizoziona vizuri. Miaka baadaye kijana huyo huyo anaitwa nyumbani kwa Dvořák, anaambiwa aimbe, anaimba. Anaitwa tena. Anamnakilia na nota. Mei 1893 Dvořák akaliambia gazeti la New York Herald kwamba muziki wa Marekani wa siku zijazo lazima ujengwe juu ya mahadhi ya Weusi.

Tunapenda kusema safari zilimpa mtunzi fulani msukumo, kana kwamba ni bahari, milima na hewa tu. Mimi nasema mara nyingi safari ni mtu. Ni fulani uliyekaa naye akakufungulia mlango wa kwao. Basi msimamo wangu ni huu: kila simfoni ile inapopigwa, karatasi ya programu imtaje Burleigh. Sisemi aitwe mtunzi mwenza. Atajwe kama mtu ambaye Dvořák alisikia nyimbo zile kinywani mwake.

Asipotajwa yanakuwa kama ya Saint-Saëns, Mfaransa aliyeandika koncheto yake ya 5 ya piano (utunzi wa piano na okestra) akiwa Luxor, Misri, mwaka 1896. Katikati yake kuna wimbo wa mapenzi wa Wanubi aliousikia akiwa ndani ya mashua kwenye mto Nile. Aliimbiwa na nani? "Wapiga makasia." Basi, wameishia hapo.

Karibuni, nipingeni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeandika kwa moyo, ila unachanganya kuchukua wimbo na kuamshwa na wimbo. Mtunzi Mfaransa Bizet hakuwahi kukanyaga Hispania, na wimbo maarufu zaidi wa Carmen, opera yake (mchezo wa kuimbwa) ya Kihispania, aliutoa kwenye wimbo wa Mhispania Sebastián Iradier, akidhani ni wa asili usio na mwenyewe. Alipojua, akaandika kwenye kitabu cha nota kwamba umetoka kwingine. Hilo ni deni, na alilikiri. Dvořák mwenyewe alikana kwamba alinukuu wimbo wowote wa Weusi au wa Wahindi Wekundu. Alisema mahadhi ni yake. Tena sehemu hiyo ya pili alisema aliiandika akiwa na shairi la Mmarekani Longfellow kuhusu Hiawatha, shujaa Mhindi Mwekundu, akilini. Ongeza na hamu ya kwao Bohemia, nchi ya Wacheki. Sasa Longfellow naye tumwandike?

Halafu safari yenyewe mnaipa sifa kubwa mno. Mtunzi Mjerumani Mendelssohn alikwenda Uskoti mwaka 1829 akiwa na miaka 20. Watu husema pango la Fingal, lililoko kwenye kisiwa kimoja huko, ndilo lililomtungisha kipande chake cha okestra cha "Hebrides". Lakini nota za mwanzo aliwaandikia ndugu zake tarehe 7 Agosti, na kisiwa chenye pango alikifikia kesho yake! Mfaransa Debussy naye hakufika Java, kisiwa cha Indonesia. Gamelani, muziki wa kule wa kengele na vyombo vya shaba, aliisikia kwenye maonyesho ya Paris ya 1889, na ikatosha. Ukifuata hesabu yako utamwandika hadi ndege wa Spillville, Iowa, maana Dvořák alikaa huko kiangazi cha 1893 akatunga kwarteti (utunzi wa wapigaji wanne wa nyuzi) yenye sauti ya ndege aliyemsikia pale.

MLETA MADA

Ahsante sana, mkuu. La Mendelssohn nakubaliana nawe. Nami pia niliamini habari ya pango.

Ila ndege hakuitwa nyumbani kwa mtu. Hakuulizwa "imba tena hapo". Burleigh aliulizwa, akachagua aimbe nini, na alichokiimba kilikuwa mali ya babu yake kabla hakijawa cha mtu mwingine yeyote. Huyo ni mwalimu. Longfellow jina lake liko salama. Vitabu vinavyoieleza simfoni ile havimsahau. Burleigh aliishi hadi 1949, akawapangia waimbaji wa majukwaani nyimbo za kiroho za Weusi, akaimba miaka mingi katika kanisa la Mtakatifu George, New York, na bado kwaya nyingi zinayaimba mahadhi haya bila kumjua. Yetu ilikuwa mojawapo.

Na Bizet umemleta wewe, lakini ananisaidia mimi. Alipojua, hakusubiri kudaiwa.

Hata Debussy haiangushi hoja yangu. Wapigaji wale wa gamelani walivuka bahari hadi Paris. Safari ilikuwepo, ila waliosafiri ni wao.

Unasema Dvořák alikana kunukuu. Namwamini. Sikiliza tena ile m s s, m r d uniambie kama ingezaliwa hivyo kwa mtu ambaye hakuwahi kukaa sebuleni akimsikiliza mjukuu wa Hamilton Waters. Mimi nimejaribu kuisikia hivyo wiki nzima, nimeshindwa.

Jumapili tunaimba. Nimemwomba mwalimu karatasi ya nyimbo iwe na majina matatu: Dvořák, Fisher, Burleigh. Amesema nafasi ni ya mstari mmoja tu. Nimemwambia yatatosha, tupunguze ukubwa wa herufi. Wengine mnasemaje?