Nani aliwadanganya watu wa kujaza upepo wa tairi hapa Kisumu kwamba kila gari ni 40 (PSI, kipimo cha msukumo wa upepo)?

Jamani, nimechoka. Ingia petroli stesheni na Vitz, Probox au pikapu, mhudumu anavuta mpira wa upepo huku akisema, "Mkubwa, niweke arobaini?" Haulizi umebeba nini. Arobaini kwa wote, kama sare ya shule.

Juzi upande wa Kondele nikamwambia kijana aweke 32. Akainama, akasoma ubavuni mwa tairi, akanicheka: "Boss, hapa imeandikwa 51. Wewe unataka kutembelea rimu?" Na fundi wa mapancha aliyekuwa kando akamuunga mkono! Hiyo 51 ni kikomo cha tairi lenyewe, haihusiani na uzito wa gari lako. Tairi hilohilo linaweza kufungwa kwenye magari tofauti kabisa.

Kipimo cha gari kiko kwenye stika, fungua mlango wa dereva uangalie fremu. Haya magari yetu ya kutoka Japani stika ni ya Kijapani, sawa, lakini tarakimu ni zilezile: 220 kPa, au 2.2 (kilo kwa sentimita mraba), ni kama PSI 32 ya geji zetu. Mara nyingine mbele na nyuma hazilingani, na ukipakia mizigo kuna namba yake. Sekunde kumi tu kusoma, lakini wapi!

Kinachoniudhi zaidi ni hawa wa kutoa upepo. Umetoka Nakuru, umeteremka Kericho hadi Awasi na jua la Ahero, tairi linachoma mkono. Geji inasoma 37 kwa sababu ya joto, jamaa anafinya valvu hadi 32, ameridhika. Asubuhi tairi likipoa liko 27! Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, gari likiwa limesimama masaa matatu hivi. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja ubavu, linapata moto, ndiyo maana yanapasuka barabarani. Likijazwa kupita kiasi linalika katikati na kushika lami vibaya mvua ikinyesha.

Ile spea nyembamba nayo, ambayo nyingi huandikwa 60, hakuna anayeikumbuka. Utaikuta imelala buti bila upepo siku ya pancha.

Halafu geji zenyewe! Kioo kimepasuka, ukipima 28, ukirudia 35, tairi ni lile lile. Nani anajua stesheni ya Kisumu ambapo geji inasoma kitu kimoja mara mbili mfululizo? Andikeni hapa chini, hata kama ni Mamboleo nitaenda.