Tairi moja linapoteza upepo kila wiki, lakini pancha haionekani

Muulizaji:
Ndugu wadau, naomba msaada wenu. Tairi la nyuma upande wa kushoto nikilijaza psi 33 leo, baada ya wiki moja geji husoma 25, ilhali matatu mengine hayajashuka. Fundi amelikagua mara mbili akitafuta msumari bila kuona kitu, akanishauri niendelee kujaza. Taa ya tahadhari ya upepo wa tairi kwenye dashibodi huwaka asubuhi na kuzimika nikishatembea mwendo mrefu. Je, ni salama kuendelea hivi?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, kuzimika kwa taa kusikutulize. Tairi likitembea hupata moto, hewa iliyomo hutanuka na shinikizo hupanda, lakini upepo uliokwisha kutoka haujarudi. Pima asubuhi kabla gari halijaondoka, au baada ya kulipumzisha saa 3 hivi. Tairi zima nalo hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi, na baridi hushusha kidogo, lakini baridi ingeyashusha yote manne. Likishuka moja peke yake, na kwa kasi hiyo, basi lipo tundu mahali.

Changanya maji na sabuni, jaza tairi, kisha uanze na valvu ikiwa imefunguliwa kifuniko, uende kwenye kashata, yaani sehemu inayogusa barabara, umalizie pale tairi linapokutana na ringi, nje na ndani. Usiwe na haraka, kwa sababu mvujo mdogo hautoi mapovu makubwa: utaona povu laini jeupe likikusanyika polepole mahali pamoja, pengine baada ya dakika mbili.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana naye, ila ushauri wa kuendelea kujaza tu siuungi mkono hata kidogo. Tairi lenye upepo pungufu hunepa ubavuni kila linapozunguka, hupata joto kupita kiasi, na nyuzi zake huharibika mahali usipoweza kuona kwa nje. Kwa hiyo likifunguliwa, mwombe fundi apapase ndani. Akikuta unga mweusi wa mpira, tairi hilo halifai tena, hata kama tundu limezibwa. Ringi za alumini nazo huota kutu nyeupe ukingoni, ambayo husuguliwa mpaka ukingo uwe laini kabla ya kufunga upya. Kiwango cha kujaza kifuate kibandiko cha mlango wa dereva, kwani namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu.

Muulizaji:
Ahsanteni sana, ndugu zangu. Povu limejitokeza kwenye shina la valvu, na nilipoipinda kwa kidole nikaona mpira wake umepasuka nyufa ndogo ndogo. Tumebadilisha valvu, na ndani ya tairi hatukukuta unga wowote. Leo ni siku ya kumi, na geji asubuhi imesoma 33.