Naomba ushauri: pindo la shali ya lesi likifika konani

Habari zenu wafumaji. Nina shali ya lesi ya mraba, uzi mwembamba wa sufu. Katikati imekwisha, vitanzi vyote bado viko kwenye sindano. Sasa nataka pindo la meno, yaani ukingo wenye ncha ncha kama meno, lile linalofumwa kwa upande, kila mistari miwili ya pindo ikimeza (ikiungwa na) kitanzi kimoja cha shali. Pande zilizonyooka hazinisumbui. Kona ndizo zinazoninyima usingizi: nikienda kwa hesabu hiyohiyo pindo litabana na ncha itajikunja, hata nikiilowesha na kuitandaza kwa pini. Je, vitanzi vya konani niviunge mara mbili mbili, yaani kila kimoja kipate mistari minne ya pindo badala ya miwili? Nianzie vitanzi vingapi kabla ya kona? Na jino lazima liangukie nchani kabisa? Kufumua uzi huu wenye manyoya ni adhabu, ndiyo maana nauliza mapema.