Maumivu ya mlango wa uke: upasuaji ufikiriwe lini?

Muuguzi, Kisumu:
Habari zenu wakuu. Mteja wa miaka 27, mwaka wa pili sasa anaumia kama moto mlangoni mwa uke. Akitulia hasikii kitu. Inakuja akiguswa tu au wakati wa tendo la ndoa. Amepewa dawa za fangasi mara nne bila kupimwa maabara. Sasa ameambiwa akatwe. Hukatwa nini hasa?

Daktari wa wanawake, Nakuru:
Sista, msikimbilie kisu. Lowesha pamba ya masikio kwa maji, mguse taratibu kuanzia pajani, mashavu ya nje, ya ndani, mwisho kwenye pete ya mlango. Chukulia uso wa saa ya ukutani, nambari 6 ikielekea mkunduni, uandike panapouma na alama 0 hadi 10. (Ni nambari za usoni, si saa zetu za kuhesabu, wengi huchanganya.) Mara nyingi huuma upande wa chini, kati ya 4 na 8. Pakiuma hata nje ya pete, au bila kuguswa, kukata hakutamfaa. Majimaji ya ukeni yaende maabara. Ukiona mabaka meupe, kata kinyama kipimwe kwanza.

Kisha ajaribu jeli ya lidokaini (ya ganzi), fiziotherapia ya misuli ya nyonga, na amitriptilini (dawa ya kutuliza maumivu ya neva) 10 mg usiku ikipandishwa polepole.

Daktari mpasuaji, Eldoret:
Naongezea. Operesheni yenyewe ni vestibulektomi. Unaondolewa utando wa juu tu unaouma, pamoja na kizinda upande huo, kisha ukuta wa uke unaachanishwa kidogo na kushushwa kufunika kidonda, kwa nyuzi zinazoyeyuka. Ukuta usipoachanishwa vya kutosha unavutwa, nyuzi zinaachia. Damu nayo hujikusanya chini ikiwa mishipa haikufungwa vizuri. Vijitundu vya tezi za Bartholin, zinazotoa ute wa kulainisha mlango wa uke, viko karibu na 5 na 7 za ile saa. Vikizibwa, uvimbe hutokea baadaye.

Utafiti wa Kanada wa 2001 ulionyesha kisu kilipunguza maumivu kuliko tiba ya mazungumzo au mazoezi ya misuli kwa mashine. Lakini misuli iliyokaza haikatwi, kwa hiyo fiziotherapia haiachwi.

Muuguzi, Kisumu:
Asanteni. Na nyumbani?

Daktari mpasuaji, Eldoret:
Beseni la maji ya vuguvugu dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, kisha ajikaushe kwa kugusagusa, bila kusugua. Asitie dawa ya kuua viini wala chumvi. Choo kiwe laini. Tendo la ndoa lisubiri wiki 6 hadi 8 na apimwe kwanza, aanze na vipanuzi vidogo (vijiti laini vya kuzoesha uke kupanuka).