Smati kii: kwa nini gari isije nayo ikiwa imezimwa?

Wadau naomba tujadili hili. Rimoti ya kawaida ya kubonyeza, kufunga, kufungua, buti na kile kitufe cha kupiga honi, sina tatizo nayo, maana kila ukibonyeza inatuma namba ya siri mpya, ile iliyokwisha kutumika ukiirudia gari inaikataa. Shida yangu ni smati kii, ile inakaa tu mfukoni, unagusa kitasa mlango unafunguka, unabonyeza stati gari inawaka. Hapo gari ndiyo inauita ufunguo na ufunguo unaitika wenyewe, hata kama wewe umelala. Sasa wezi wawili, mmoja kwenye gari, mwingine nje ya mlango wako, wananasa ule mwito wanaurusha mpaka ndani ulikoweka ufunguo, gari inaamini upo pembeni yake, inawaka inaondoka, kioo kizima na alamu kimya. Watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walilionyesha hili 2011, magari 10 ya kampuni 8 tofauti, yote yakakubali. Kwa hiyo sheria iseme hiyo huduma ije imezimwa, anayeitaka aiwashe mwenyewe.

MDAU WA PILI: Sikubaliani mkuu. Kuna mtu vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, kwake kubonyeza vile vitufe vidogo ni mateso, wewe unaita anasa. Halafu dawa ipo, Ford 2019 walileta ufunguo unaojizima ukitulia sekunde 40, na sasa kuna magari yanapima muda ambao mawimbi yanachukua kwenda na kurudi, mwizi akiurusha mwito umbali unamuumbua. Wabanwe waboreshe, sio wazime.

MDAU WA TATU: Na mnasahau hatari nyingine, mtu anashuka na ufunguo wake mfukoni injini bado inanguruma taratibu ndani ya gereji, Marekani watu wamekufa kwa hewa ya kaboni monoksidi namna hiyo, mpaka sheria ya 2021 ikaagiza iwekwe kanuni ya injini kujizima. Bila sheria watengenezaji hawajisumbui.

MLETA MADA: Mdau wa pili hapo kwa mgonjwa nakubali kabisa, ndio maana nimesema izimwe, sijasema ing'olewe, yeye ataiwasha mara moja basi. Lakini huo ufunguo unaojizima unajizima ukiwa mezani, ukiwa mfukoni unatembea upo macho, na mwizi mwenye kifaa cha kunasa mwito ndani ya begi anaweza kukufuata nyuma. Hiyo ya kupima umbali ni nzuri sana ila ipo kwenye magari mapya, haya mengine yaliyojaa barabarani nani atayarekebisha? Tunaambiwa tununue vifuko vya kuzuia mawimbi, yaani kasoro ni ya kiwanda, gharama yangu. Kuna funguo zinazimika kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja na maelezo yamo ndani ya kitabu cha gari, wangapi wameambiwa siku ya kukabidhiwa? Anayepinga anijibu hapo, mnunuzi anapoteza nini akiulizwa kwanza?