Bert Williams na masizi usoni: tumhukumu vipi?

Mpenda Tamthilia:
Wanajukwaa, nawasalimu. Nimesoma habari za Bert Williams, mchekeshaji na mwimbaji Mweusi aliyezaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874 na kukulia Marekani. Anasifiwa kwa kuwafungulia Weusi milango ya Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York, ilhali karibu maisha yake yote jukwaani alijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa na kuigiza Mweusi mzembe asiye na bahati, sura ileile waliyoibuni Wazungu ili kuwadhihaki Weusi. Je, alivunja vizuizi au alivipamba?

Msomaji wa Zamani:
Ndugu yangu, tuanzie kwenye hali aliyoikuta. Wakati ule Wazungu wengi waliojipaka masizi walikuwa wakilipwa kuigiza Weusi. Williams na mwenzake George Walker, waliokutana San Francisco mwaka 1893, waliitwaa nafasi hiyo, na mwaka 1903 wakaingiza Broadway tamthilia ya muziki "In Dahomey", iliyotungwa na kuchezwa na Weusi, kisha wakaivusha hadi London, ambako walialikwa kuicheza Buckingham Palace, kasri la mfalme. Walker alipougua na kuacha jukwaa, Williams alijiunga mwaka 1910 na maonyesho ya Ziegfeld, mtayarishaji Mzungu wa Broadway. Baadhi ya waigizaji Wazungu walitishia kuondoka, lakini Ziegfeld hakutetereka. Hata hivyo yalikuwapo mapatano kwamba Williams asibaki jukwaani peke yake na mwanamke Mzungu, na katika Marekani ya siku zile sharti hilo lilihusu usalama wa maisha yake.

Binti wa Jukwaa:
Nakubaliana na Msomaji kuhusu milango, ila masizi hayakuwa njia pekee. Walker hakujipaka, alitoka na suti maridadi. Aida Overton Walker, mkewe, aliyebuni ngoma zao, naye alisimama na uso wake mwenyewe. Kwa hiyo lazima tukiri kwamba Williams alichagua. Mwaka 1918 aliandika kwamba kipaji chake cha kuchekesha kilikua pale tu alipoweza kujiona kama mtu mwingine, na humo humo akasema kwamba hajaona aibu yoyote katika kuwa Mweusi, ingawa Marekani ameona kuwa ni usumbufu.

Mtazame katika igizo lake bubu la karata. Yuko peke yake, hana hata karata moja mkononi, lakini unamwona akizigawa, akizichungulia zake, tabasamu likimpanuka taratibu, akiongeza dau, akimtupia mpinzani asiyekuwapo jicho la mashaka, kisha uso ukimwanguka. Pale hadhihaki Mweusi yeyote. Ni mtu aliyeshindwa, na kila mtazamaji anajijua ndani yake.

Msomaji wa Zamani:
Hoja ya Binti ina uzito, nami naipokea. Mpenda Tamthilia, igizo hilo limo katika filamu yake ya mwaka 1916, "A Natural Born Gambler". Itafute pia ile iliyopigwa mwaka 1913 na kuachwa bila kukamilishwa, ambayo Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliionyesha mwaka 2014. Humo Williams ana masizi, wenzake Weusi hawana, na bado yeye ndiye mpenzi anayebusiwa.