Mrejesho: Mama alikubali kujichukulia sampuli ya HPV

Asanteni sana, dada zangu. Niliuliza nimsaidieje mama, hapa Kisumu, aliyekataa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kuogopa kile chombo cha kupanulia uke. Nilifuata ushauri wenu kwamba ajichukulie sampuli mwenyewe ya kupima HPV, virusi vinavyoweza kusababisha saratani hiyo. Muuguzi alimwelekeza, akaingia faraghani na kijiti chenye pamba, akatoka ametulia kabisa.

Majibu yalichelewa mno. Fuatilieni, msingoje simu! Yalionyesha ana HPV. Hiyo si saratani, ila ilibidi mlango wa kizazi upakwe siki na kukaguliwa, na hapo chombo hakikuepukika. Alikubali, nikiwa nimemshika mkono. Hawakuona madoa meupe, ambayo huashiria seli zisizo za kawaida. Ameambiwa arudie kipimo baada ya miaka 2.

Shangazi bado amekataa katakata.